Betri Chini ya Majani ya Mgomba

Mita ile ya kupimia betri ilikuwa na mshale mwembamba kama unywele, na mwanangu Aristides aliweza kuusoma akiwa amesimama hatua tatu mbali. Watu wa Buganguzi walisema ana macho ya mwewe. Mimi nilijua alikoyatoa. Baba yake, marehemu Ta Rugemalira, alikuwa akipita kwenye mibuni bila kupunguza mwendo na kusema, "Ule wa tatu umeingiwa na wadudu," na ukienda kutazama unakuta ni kweli. Naanza na habari za macho kwa sababu hayo ndiyo tuliyopoteza.

Ulikuwa mwaka 1975. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Kijiji kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha ujamaa, na ingawa hatukuhamishwa nyumba kama watu wa mikoa mingine, tulipata mwenyekiti, shamba la pamoja, mashine ya kusaga, na Landrova kuukuu ambayo mapadri walikuwa wameichoka. Landrova hiyo iliingia kijijini ikisukumwa na wanaume kumi na wawili wanaoimba. Wakaiegesha karibu na mashine, na hapo ikakaa. Ndipo mwenyekiti alipotuma watu Bukoba wakamwite Aristides, aliyekuwa fundi magari kule Rwamishenye, arudi kujenga kwao.

Alirudi na mke wake Benigna, sanduku moja la nguo, na mita. Mita alipewa na Mzee Zahoro, fundi aliyemfundisha kazi. Mzee Zahoro alikuwa na mita hiyo moja tu. Alipoona kijana wake anakwenda mahali pasipo na chombo chochote, aliifunga kwenye kipande cha kanzu yake ya zamani, akampa, akasema kwamba yeye amezeeka na siku hizi betri anaipima kwa sikio.

"Ni uongo, Mama," Aristides aliniambia. "Hakuna mtu anayepima betri kwa sikio. Alitaka tu nipokee."

Benigna alikuwa na mimba. Krismasi ya mwaka 1973, walipokuja kwetu, uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Wanaume walimbeba kwenye machela kuelekea barabara kubwa ya Muleba, na mtoto akazaliwa njiani, amekwisha kufa. Wakati ule Landrova haikuwapo. Sasa ilikuwapo, na mwanangu aliniambia neno moja tu juu ya jambo hilo: "Safari hii Benigna atakwenda ameketi." Baada ya hapo hakulizungumzia tena, lakini kila asubuhi alikuwa chini ya gari lile kabla umande haujakauka.

Alitengeneza breki, akatengeneza pampu ya mafuta. Ikabaki betri. Kijijini hatukuwa na umeme, kwa hiyo alifunga dainamo kuukuu kwenye injini ya mashine ya kusaga, kwa mkanda aliouunga mwenyewe. Mashine ikizunguka kusaga mahindi na mihogo ya watu, dainamo nayo inazunguka, na betri inachajiwa kwenye kibanda cha pembeni.

Mimi nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima miezi michache nyuma, na nilikuwa na furaha ya kusoma kitu chochote kilicho mbele yangu, hata maandishi ya kwenye magunia. Aristides aliijua furaha hiyo. Akawa ananiita.

"Njoo unisomee, Mama."

Mita ilikuwa nyeusi, ukubwa wa kitabu cha misa. Chini yake palikuwa na matundu matatu. La katikati lilikuwa la waya nyeusi, na hiyo haikuhama kamwe. Waya nyekundu ilikuwa na makao mawili: tundu la kushoto ni la volti, tundu la kulia ni la ampea.

"Ikiwa kushoto," alinieleza, "mita inaitazama betri tu, kama mgeni aliyesimama mlangoni. Haiingii. Ikiwa kulia, mita yenyewe inakuwa njia, na umeme wote unapita ndani yake. Huko kulia nakutumia ninapotaka kujua dainamo inatoa kiasi gani, na lazima nikate waya ya kuchajia niiweke mita katikati. Lakini ukisahau waya kule kulia, halafu ukagusa vichwa viwili vya betri, ni sawa na kuviunganisha kwa msumari. Ni cheche kubwa. Ncha zinaweza kuyeyuka mkononi mwako."

"Sasa mtu anakumbukaje?"

"Anasema kwa mdomo. Mzee Zahoro alikuwa akinipiga kofi la kisogo nikigusa betri bila kusema." Akainua kidole. "Tundu. Swichi. Macho. Ncha. Kwanza unatazama waya iko tundu gani. Halafu unazungusha swichi kwenye volti, namba iliyo kubwa kuliko unayotegemea kuipata. Halafu unatazama mshale umelala kwenye sifuri. Ndipo unagusa kwa ncha, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na vidole havigusi chuma."

Akasema, akagusa, akanigeuzia mita. Nikasoma: "Kumi na moja na nusu."

"Bado. Ikifika kumi na mbili na nusu ikiwa imepumzika, gari litawaka."

Alinifundisha na mengine. Kwamba betri ikitoka kuchajiwa inadanganya, lazima iachwe ipumzike ndipo ipimwe. Kwamba debe la maji safi lazima liwe karibu siku zote, kwa sababu maji ya ndani ya betri ni makali na yakiingia jichoni dawa yake ya kwanza ni maji mengi. Kwamba wakati wa kuchaji vile vifuniko sita vya juu vinafunguliwa. Na kwamba maji ya mvua, au ya kisima, au uchafu wowote, visiingie kwenye matundu hayo, kwani vinaiua. Hilo la mvua nililishika sana. Ilikuwa masika, na paa la kibanda lilivuja.

Kitu kimoja hakunifundisha. Alimkataza Ildefons, mwendesha mashine, asikaribie kibanda na kiko chake, na Ildefons alitii, lakini sababu yake sikuiuliza. Nilidhani ni usafi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Aristides aliondoka alfajiri bila kuniona, kwa sababu nilikuwa bondeni kuchota maji. Kiasi cha saa nne nikampelekea chakula, ndizi na maharage kwenye jani. Mashine ilikuwa inanguruma, na wanawake kama kumi wamepanga foleni na vikapu vyao. Aristides hakuwapo. Ildefons akaniambia kwa sauti ya juu, ili kuishinda mashine, kwamba amekwenda kwa mwenyekiti kuazima spana.

"Lakini amepima asubuhi," akasema. "Amesema dainamo inatoa vizuri. Leo Landrova italia, Ma Kokuberwa. Tafuta viatu, utapanda mbele!"

"Mbele atapanda mkamwana wangu," nikamwambia. "Mimi nitakaa nyuma na kuku."

Nikaingia kibandani kuweka chakula. Betri ilikuwa chini, ndani ya kasha la mbao, vifuniko vyake sita vimefunguliwa, na ndani ya yale matundu maji yalikuwa yakitoa povu, tup, tup, tup. Mwanamke mmoja wa kwenye foleni alichungulia juu ya bega langu, akacheka.

"Mae! Linachemka kama rubisi! Tuje na vibuyu?"

Na kweli ilikuwa kama rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mvua ikaanza. Nikatazama juu, nikaona tone limejitokeza kwenye tundu la bati, likavimba, likaanguka kwenye ukingo wa kasha. La pili likaanguka karibu zaidi. Nikakumbuka: maji ya mvua yanaiua.

Sisi tukitengeneza rubisi, tukisha kuikamua na kuitia kwenye mtumbwi wa mti, tunaifunika kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, tunabana kando zote kwa vipande vya shina, mvua isiingie na joto lisitoke. Mikono yangu imefanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana. Nikatoka, nikakata majani matano mapana, nikayalaza juu ya kasha, nikayabana kwa magogo madogo ya mgomba. Nililifunika vizuri. Hata leo nikifumba macho naona jinsi nilivyolifunika vizuri. Hapakuwa na mahali ambapo ungepitisha kidole.

Nikakaa nje kwenye baraza, naongea na wanawake, mpaka mashine ilipozimwa saa sita. Mvua ilikuwa bado inanyesha kidogo kidogo. Aristides akaja anakimbia, spana mkononi, amejifunika gunia kichwani. Alipita mbele yangu moja kwa moja akaingia kibandani, akakaa huko kwa muda, kwa sababu alitaka betri ipumzike. Nilimsikia akipiga mluzi. Nami nikainuka nikamfuata.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya kasha, mita mkononi, anayatazama majani. Sikujua anafikiri nini. Sasa najua.

"Mama, ni wewe uliyefunika?"

"Ni mimi. Paa linavuja. Ulisema mvua isiingie."

Akayatazama tena. Halafu akatabasamu. "Umefanya vizuri," akasema. Akakunja majani upande mmoja tu, ule usiovuja, vichwa viwili vya betri vikaonekana. Akapepea kwa mkono mara tatu nne, kama mtu anayefukuza inzi. Nikadhani ni inzi.

Akashika ncha za mita. "Tundu," akasema.

Nami nikamkatiza. Nilikuwa nacheka, Mungu ananijua, nilikuwa natania tu. Nilisema, "Aristides, tangu asubuhi hujanisalimu. Umepita mbele yangu kama napita mimi mbele ya kisiki."

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto, hata awe na mvi, akimwona mzazi wake kwa mara ya kwanza siku ile, huacha kilicho mkononi amsalimu. Aristides akaona aibu. Akaweka mita juu ya ukingo wa kasha, akanigeukia akiwa amechuchumaa vile vile, akakusanya mikono, akanisalimu kwa Kihaya, salamu yote, ya kuniuliza nimeamkaje, na bondeni kulikuwaje, na mgongo unasemaje. Nikamwitikia yote. Nikamwambia mgongo unasema ungependa kupanda Landrova. Akacheka sana.

"Leo leo, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. Akaichukua tena mita. "Tulifika wapi? Swichi."

Akazungusha swichi kwenye volti. "Macho." Akautazama mshale. "Ncha."

Waya nyekundu ilikuwa kwenye tundu la kulia, pale alipoiacha asubuhi alipoipima dainamo.

Sitaki kusema mlio ule ulikuwaje. Majani yaliruka mpaka darini. Nilijikuta nimekaa chini, masikio yanavuma, na mwanangu yuko mbele yangu amejifunika uso kwa mikono miwili, na kati ya vidole yanatoka maji. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji, Mama. Debe. Machoni."

Debe lilikuwapo pale pale alipoliweka yeye mwenyewe. Nikalimwaga usoni pake. Ildefons akaja akamlaza, akamshika kichwa kati ya magoti, akamfungua macho kwa vidole vyake, na huku analia kama mtoto anamwambia, "Fungua, ndugu yangu, fungua, fungua." Debe likaisha. Wale wanawake wa kwenye foleni hawakuambiwa na mtu. Walimwaga mahindi yao kwenye matope, wakashika vikapu, wakaona vikapu havishiki maji, wakavitupa, wakakimbilia nyumba zilizo karibu. Walileta vibuyu, vyungu, sufuria, kila kilichokuwa na maji ndani. Mmoja alileta maji ya kunawia ya mkwewe mgonjwa. Tuliyamwaga yote. Kila nilipodhani yamekwisha, mkono mwingine uliingia mlangoni na chombo.

Halafu ikabidi apelekwe Bukoba hospitali, mapema iwezekanavyo. Watu walisimama wakatazamana. Niliona macho yao yanakwenda kwenye Landrova, kisha yanaiacha haraka.

Wanaume wakaleta machela. Ilikuwa ile ile.

Benigna alikuja anakimbia kutoka shambani, mkono mmoja chini ya tumbo. Alitaka kwenda nasi, wakamkatalia kwa sababu ya njia kuteleza. Aristides, amefungwa kitambaa cha maji usoni, alinyoosha mkono hewani akimtafuta. "Usitembee haraka," akamwambia. "Nitarudi." Wanaume wanane wakambeba kwa zamu, wanabadilishana bila kusimama, na Ildefons hakukubali kubadilishwa hata mara moja. Mimi nilitembea kando na kibuyu, kila baada ya hatua kadhaa namwagia kitambaa.

Barabarani tulingoja. Magari yalikuwa machache mwaka ule, dizeli ilikuwa ya shida. Lori lililosimama mwishowe lilikuwa limebeba magunia ya kahawa. Dereva alishuka, akamtazama, hakuuliza swali. Alimpakia mbele, akaniweka mimi pembeni yake, na njia nzima kila alipoona shimo alipunguza mwendo mpaka lori likawa linatambaa. Nilitaka kumwambia aharakishe. Nilitaka pia kumwambia asiharakishe, kwa sababu kila shimo lilimtoa mwanangu sauti. Jina la dereva yule sikulipata. Tulifika Bukoba jua limekwisha kuzama.

Alilazwa wiki saba. Mimi nilikaa Rwamishenye kwa Mzee Zahoro, na mke wake Mwamvita alinipokea kama ndugu yake wa tumbo moja. Aliponifulia kanga niliyokuja nayo, ilitoka kwenye maji imejaa matundu kama chujio. Maji ya betri yalikuwa yameirukia nami sikujua. Mwamvita hakunionyesha. Niliiona kwa bahati, ameikunja chini ya nguo nyingine, na juu ya kitanda changu ameweka kanga yake mpya, doti nzima. Kila mchana alipika na kufunga sehemu ya mgonjwa, na kila mchana tulikwenda pamoja kwa miguu mpaka hospitali, yeye ananishika mkono penye kuvuka.

Daktari alisema jicho la kulia limekwisha. La kushoto, alisema, limewahiwa na maji. Litajua mchana na usiku. Nikamwuliza, na sura za watu ataziona? Akanivutia kiti nikae kwanza, kabla ya kunijibu. Nikajua jibu kwa kile kiti.

Mzee Zahoro alikuja wodini siku moja, saa ya kutazama wagonjwa. Aliketi kitandani akamshika Aristides mkono. Mimi nilikuwa upande wa pili namenya chungwa.

"Ulisema kwa mdomo?" Mzee akamwuliza.

"Nilisema, Mzee. Niliruka tundu."

"Wewe? Wewe uliruka?"

"Niliruka."

"Nani alikukatiza?"

"Hakuna mtu."

Kisu changu kikasimama kwenye ganda.

Mzee Zahoro akatikisa kichwa. "Lakini bado sielewi. Cheche ile ingekuchoma vidole. Mita ingekufa, basi. Kupasuka vile ni ile hewa. Betri ikichemka inatoa hewa, haina rangi, haina harufu, na mahali pa wazi inakwenda zake. Lazima ilikuwa imefungiwa. Betri ilikuwa imefunikwa, Aristides?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilikaa pale na chungwa mkononi, nikayaona majani matano, na magogo niliyobana kando. Nikauona mkono wake ukipepea. Hakuwa anafukuza inzi. Alikuwa anaitoa ile hewa, kidogo, kwa hila, ili asinionyeshe mbele ya wanawake kwamba nimekosea. Aliitegemea mita. Waya ikiwa kwenye tundu lake la volti, mita haina cheche.

Mwanangu aligeuza uso wake wenye bendeji upande usiokuwa na mtu.

"Ilikuwa wazi," akasema.

"Wazi kabisa?"

"Wazi kabisa, Mzee."

Mzee Zahoro alininyanyulia macho. Aliiona mikono yangu. Akanyoosha mkono, akanichukulia chungwa na kisu, akamenya yeye lile ganda lililobaki, akamwekea Aristides kipande mdomoni.

Tulirudi nyumbani mwezi wa saba. Benigna alikuwa amejifungua wiki mbili kabla, ndani ya nyumba yetu, na wakunga wawili wa jirani. Mtoto wa kike, mzima. Tulimwita Verdiana. Landrova haikuhitajika. Aristides alipewa mtoto mikononi, akampapasa uso kwa ncha ya kidole, paji, pua, midomo, polepole sana, kama mtu anayesoma.

"Amefanana na nani?" akauliza.

"Amefanana na wewe," Benigna akasema.

"Macho?"

Benigna akanitazama mimi. Kisha akasema, "Macho ni yako."

Akamrudisha mtoto, akatoka nje akipapasa ukuta.

Mwenyekiti alikuja, akasema kijiji hakimsahau. Wanakijiji walimlimia shamba lake msimu ule na msimu uliofuata bila kuitwa, na Ildefons alimsagia bure mpaka mashine ilipoharibika. Haikupata fundi. Mzee Zahoro alituma mita nyingine, sijui aliitoa wapi, na barua aliyoandikiwa na mtu ikisema kwamba Aristides anajua kazi kwa kichwa, mama yake anajua kusoma mshale, basi wafanye pamoja. Niliisoma barua ile kwa sauti. Aristides alisikiliza mpaka mwisho.

Tulijaribu mara moja. Mtu alileta betri ya redio. Aristides alisema, "Tundu," akangoja nimjibu. Nililiona tundu. Waya ilikuwa kushoto, mahali pake. Lakini mdomo haukufunguka. Nikaiweka mita mezani. Yule mtu akasema kwa upole kwamba ana haraka, atakuja siku nyingine. Hakuja, nami namshukuru. Mita ikarudi kwenye kitambaa chake. Landrova imeota nyasi mpaka madirishani, kuku wanatagia kwenye kiti cha mbele.

Siku moja nilimkuta Aristides ameketi barazani, ana ile mita ya kwanza, iliyoungua, anazungusha swichi yake, ka, ka, ka, anahesabu. Tulikuwa wawili tu. Nikaketi chini karibu na miguu yake, mimi mzazi wake, nikamwambia.

"Ni mimi niliyefunika. Na ni mimi niliyekukatiza."

Swichi ikasimama.

"Kwa nini ulimficha Mzee Zahoro?" nikamwuliza. "Kwa nini hukuniambia siku ile ile, 'Mama, toa majani hayo'? Ungenigombeza tu. Ningekasirika siku mbili, ningesahau."

Akanyoosha mkono, ukaangukia kichwani kwangu, akauacha pale.

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mama," akasema. "Na kweli nilikuwa sijakusalimu."

Afadhali angenilaani.

Tangu hapo hanipi nafasi ya kumtangulia. Kila asubuhi nikitoka jikoni, kabla sijafika barazani, ameshasikia hatua zangu. Anaacha alichoshika, hata kama ni kikombe cha uji, anakusanya mikono, anageuza uso mahali anapodhani nipo, ananisalimu salamu yote, nimeamkaje, na mgongo unasemaje. Hajakosea hata siku moja. Ananifanyia wema, najua. Nami namwitikia yote, maana nikinyamaza ataona amekosa.

Lakini kuna asubuhi ninazoshindwa. Asubuhi hizo huvua kandambili, nikazishika mkononi, nikapita nyuma ya nyumba kwa miguu mitupu, kwenye majani makavu ya migomba, taratibu, nisimpe kitu cha kusikia. Jana nilifanya hivyo. Nilikuwa nimekaribia kuipita pembe ya nyumba.

"Mama," akaita, "mbona unanyata kama mwizi wa mayai?" Akaweka kikombe chini. Nikamsikia akikusanya mikono.